Bia Isiyolevya

Fundi huyu wa makochi watu walimwita Misumari, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Akiwa kazini alibana misumari midogo midomoni, kumi na tano au ishirini kwa mpigo, akawa anausukuma mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuugongelea kwenye kitambaa kabla hujapepesa jicho. Mteja akiuliza kitu alijibiwa kwa nyusi. Zikipanda zote mbili, jibu ni ndiyo. Ikipanda moja, rudi Ijumaa. Mchana kutwa hukusikia neno kutoka kwake, ila nyundo na mkasi.

Jioni mambo yaligeuka. Akishapata chupa mbili tatu, maneno yote aliyoyabana mchana yalitoka kwa pamoja, na hayakutoka kwa mpangilio. Aliwahi kumwambia mkwewe, mbele ya wazee, kwamba nyumba yake inanuka ubahili. Aliwahi kumwambia jirani mwenye mtoto mzito wa kuelewa darasani kwamba tunda halianguki mbali na mti. Kesho yake asubuhi ungemwona anapita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, kiganja kimoja kwenye paji la uso kana kwamba kichwa kinapasuka, na nusu ya tabasamu. "Nisamehe, ndugu yangu. Jana haikuwa mimi. Ilikuwa pombe." Na watu, kwa kuwa wengi wao nao walishawahi kulala na viatu, walimjibu, "Yamekwisha. Pombe si chai." Alikwenda hivyo miaka ishirini na mitano, hata akawa fundi wa kuomba radhi kama alivyokuwa fundi wa makochi.

Aliyesamehe mara nyingi kuliko wote alikuwa dada yake.

Mama yao alifariki Misumari akiwa na miaka minne na dada kumi na mitano. Dada ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo, ndiye aliyemkanda miguu akiumwa, ndiye aliyemsainia daftari za shule kwa mwandiko wa kujifanya mtu mzima. Akaajiriwa udobi hospitalini, akafua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na zaidi, hata mikono yake ikawa laini na yenye kung'aa kwa ile sabuni kali. Aliolewa na miaka ishirini. Mwaka uliofuata akazaa binti. Binti alipofikisha miezi mitatu mume akaondoka, akisema yeye alioa mke, hakuoa mke na mdogo wake.

Dada aliisimulia habari hiyo kichwa juu. "Niliambiwa nichague, nikachagua." Aliisema arusini, aliisema kwenye foleni za zahanati, aliisema mbele ya mafundi bomba waliokuja kuzibua sinki. Na kila alipoisema Misumari alikuwepo, au aliambiwa baadaye, na kila mara alitazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza inakuwaje kuwa ndiye uliyechaguliwa.

Yule binti wa miezi mitatu alikua, akasomea mambo ya vyakula, akafanya kazi kiwandani akikagua chupa zinazopita mbele yake kama siafu, akachoka. Akakodi nusu ya jengo lililokuwa la kuokea mikate, akanunua matangi matatu ya chuma yaliyokwisha tumika kwingine, akaanza kupika bia yake mwenyewe. Mjomba wake alimtengenezea kochi refu la kijani kwa ajili ya chumba cha kuonjea, akamzawadia. Ilimchukua wiki mbili, na hakuna kochi aliloliwekea mikunjo mizuri kama lile.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, mpwa akaalika watu wachache waonje bia yake mpya. Alikuwepo mwalimu mstaafu aliyemfundisha kemia, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja. Alikuwepo mwenye hoteli, mtu mnene mwenye maneno matamu, ambaye kama angeipenda bia angeinunua kwa ajili ya wageni wake. Walikuwepo majirani wanne watano, na mama mtu katika gauni la zambarau. Mke wa Misumari hakwenda. Alisema harufu ya bia inamkumbusha kufua.

Mpwa alimimina kutoka kwenye jagi la kioo. Bia ilikuwa na rangi ya asali, ina ukungu kidogo, na povu jeupe lililokaa juu ya bilauri bila kuzama. Mbele ya kila mgeni aliweka kadi ndogo iliyolazwa kifudifudi.

"Kadi msiziguse mpaka niseme," alisema. "Hii ni bia ya mtindo wa Kibelgiji. Msiimeze kama dawa ya minyoo. Inuseni kwanza."

Wakanusa.

"Karafuu," alisema mwalimu.

"Mimi nasikia ndizi mbivu," alisema mwenye hoteli.

"Wote mmepatia, na sikutia karafuu wala ndizi. Hamira yake ndiyo inayoleta harufu hizo. Nilichotia ni giligilani na ganda la chungwa. Mama, wewe unasikia nini?"

"Nasikia bia," alisema dada, na watu wakacheka.

Misumari alipiga funda la kwanza. Lilichangamka ulimini, likapita jepesi, likaacha ukavu na uchungu mdogo wa ganda la chungwa. Ilikuwa tamu kwa namna ambayo hakuijua, lakini hakuwa mtu wa kusema mambo ya karafuu. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Hizi za Kibelgiji si ndizo zile kali?"

"Kali?" alisema mwenye hoteli. "Niliwahi kuonja moja safarini, mzee wangu. Nilisahau namba ya chumba changu na jina la mke wangu, na jina ndilo lililoniletea matatizo."

Mpwa alitabasamu, akaongeza bia kwenye bilauri ya mjomba wake.

Bilauri ya pili Misumari alianza kusikia joto nyuma ya masikio. Ya tatu, magoti yakalegea na sauti ikapanda. Akawasimulia wageni jinsi alivyoshona kochi walilokalia, akawaamuru wanyanyuke waone mishono, wakanyanyuka. Ya nne aliinywa amesimama, mkono mmoja umeegemea meza. Ilikuwa raha ile aliyoizoea, ile ya mlango kuachiwa.

Ndipo mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamgeukia dada. "Mama, sisi walimu hupenda kujisifia, lakini kazi ni yako. Umemleaje huyu peke yako hadi akafika hapa?"

Dada akaweka bilauri chini. Akakohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kuimba wimbo anaoujua. "Mwalimu, mimi niliambiwa nichague." Akaunyoosha mkono, akalishika bega la mdogo wake. "Huyu hapa ndiye niliyemchagua. Nilibaki na watoto wawili, mmoja wa kuzaa na mmoja wa..."

Misumari akauondoa ule mkono. Hakuusukuma. Aliushika kwa vidole viwili, akauweka mezani kama kitu cha mtu mwingine.

"Dada, leo waambie ukweli," alisema. "Hukuchagua kitu. Yule bwana hakumkimbia mtoto wa miaka kumi aliyekuwa analala chini ya meza. Alikukimbia wewe. Hata nisingekuwepo angekimbia, tena upesi zaidi. Umenitembeza mbele za watu maisha yako yote, nionekane mimi, usije ukaulizwa kwa nini hakuna mwanamume aliyekaa." Akamnyooshea mpwa wake bilauri. "Huyu naye alikuwa na miezi mitatu, na hakutosha kumrudisha mtu hata mlangoni."

Kwenye tangi moja hewa ilikuwa inatoka kidogo kidogo kwenye mpira wake, blup, kisha blup. Misumari aliyumba kidogo, akaishika meza vizuri zaidi.

Dada alikuwa amepauka midomo. Lakini aliyetangulia kusema alikuwa yeye, na alisema kwa upole, akiwaambia wageni, "Msimjali. Mdogo wangu ni mtu mwema. Hiyo ni pombe inaongea. Kesho atakuja kuniomba radhi, mtaona."

"Basi ni kali kweli," alisema mwenye hoteli, akijaribu kuirudisha shughuli relini. "Binti, hii ina kilevi kiasi gani? Maana wageni wangu wengine wanaendesha magari."

Mpwa alikuwa amelishika jagi kwa mikono miwili na kulitazama ndani.

"Labda ndiyo hii kadi," alisema mwalimu, ambaye masikio yake yalikuwa mazito na hakuwa ameyapata yote. Akaigeuza yake, akaisogeza karibu na miwani. "Moja nukta mbili." Akaisogeza mbali. "Asilimia moja nukta mbili. Mwanangu, hukukosea? Si kumi na mbili?"

"Ni moja nukta mbili, mwalimu," alisema mpwa, sauti yake ndogo. "Nilitaka kuwashangaza. Ni bia ya mtu kunywa na akarudi kazini."

"Ajabu. Ajabu kubwa. Ladha yote hii?" Mzee wa watu alifurahi mno kama mwalimu afurahivyo mwanafunzi anapompita. "Maana kwa kiasi hicho mtu anaweza kunywa ndoo asisikie kitu. Tumbo litajaa kabla kichwa hakijajua."

Misumari alikuwa anasikiliza akiwa wima. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote, kila alipolikumbuka. Hakuna aliyemwambia simama sawa. Magoti yenyewe yalikaza, mkono wenyewe uliiachia meza, joto la masikioni likazimika kama taa, na mbele ya watu wote akawa amesimama imara kama askari wa zamu, mzima, mwenye akili zake, na maneno yake bado yapo pale mezani.

Uongo ulimjia upesi, ukiwa umeshapikwa: kwamba kabla ya kuja alipitia mahali akapata kitu kikali. Alifungua kinywa. Akakutana na macho ya dada yake.

Aliyajua macho ya dada yake yote, ya hasira, ya huruma, na yale ya kungoja homa ishuke. Haya hakuwahi kuyaona. Yalimtazama kama unavyomtazama mtu unayedhani unamfahamu barabarani, ukamkaribia, ukakuta siye. Kinywa chake kikajifunga. Dada akachukua mkoba wake, akamwambia mwalimu kwa heri, akatoka. Binti yake akaweka jagi chini na kumfuata. Wageni waliobaki wakaanza kuzisoma kadi zao, ingawa zilikuwa na mstari mmoja tu.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu. Njia nzima hatua yake haikuyumba hata mara moja, na alitamani iyumbe. Alimkuta mkewe barazani anapiga pasi, akaketi kwenye ngazi akamweleza, bila kupunguza. Aliyoyasema kwa dada aliyarudia neno kwa neno, na kuyarudia akiwa mkavu kulikuwa kugumu kuliko kuyasema. Mkewe aliisimamisha pasi wima.

"Nikuulize," alisema Misumari. "Zile siku nyingine zote. Nilikuwa nalewa kweli?"

Mke alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Mara nyingine ulilewa, tena chakari."

"Na mara nyingine?"

"Mara nyingine nilikuwa nasikia unavyokuja. Kutoka kule dukani unatembea kama mtu anayewahi kazi. Ukikaribia mlango ndipo unaanza kuyumba."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, baba watoto? Ulikuwa unakuja na neno la kusema. Nikawa nangoja ulitoe, ulale."

Akaichukua pasi, akaendelea na kola. Misumari alifunika uso kwa mikono miwili. Angepewa shimo angeingia, angepewa jiwe angejifunikia.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa dada. Alipofika mlangoni alijikuta kiganja kimeshapanda kwenye paji la uso chenyewe, na nusu ya tabasamu imeshajitengeneza. Aliushusha mkono. Akaufuta mdomo, kana kwamba tabasamu ni uji. Kisha akabisha hodi.

Dada alifungua, hakusema karibu. Alibaki ameshika mlango. Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari za hali ya hewa.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Niliwaambia utakuja."

"Sikuwa nimelewa."

"Najua. Nilikuwepo."

Akatafuta neno la kufuatia. Miaka yote radhi yake ilikuwa na sehemu mbili, na sasa ya pili ilikuwa imechukuliwa. Alisimama pale kama mtoto aliyesahau shairi.

"Niliyoyasema ni yangu," alisema mwishowe. "Nilikuwa nayo siku nyingi. Kila ukisema umenichagua, mimi nasikia kwamba nimekuvunjia nyumba. Nikawa natafuta namna ya kusema si mimi niliyeivunja. Sikuwa na haki ya kusema vile. Wala mbele za watu. Wala juu ya mtoto."

Dada alimtazama. "Hilo la kuvunja nyumba hukuwahi kuniambia."

"Sikuweza."

"Ila lile jingine uliweza." Alivuta pumzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Zile nyingine nilizisamehe upesi kwa sababu nilikuwa naisamehe pombe. Wewe sijawahi kukusamehe hata mara moja, sasa ndiyo naona. Sijui inachukua muda gani. Nenda nyumbani."

Akafunga mlango, taratibu, kama unavyofungwa chumbani kwa mgonjwa.

Jumatatu mpwa alipita karakana. Misumari alikuwa anang'oa kitambaa cha zamani kwenye kiti cha daktari wa meno, midomo yake mitupu. Tangu juzi alikuwa hawezi kubana kitu. Mpwa akakaa juu ya gunia la sufi.

"Samahani, mjomba. Ningeziacha kadi wazi, yasingetokea. Nilidhani utakuwa mzaha mzuri."

Alikuwa ndiye aliyetukanwa, na ndiye aliyekuja kuomba samahani. Misumari alihisi uso unamchoma hadi shingoni. "Usiniombe samahani, mwanangu. Utaniua. Nilichosema juu yako si kweli."

"Hujui kama si kweli," alisema mpwa, akichambua uzi kwenye gunia. "Na mimi sijui. Baba hakuniachia barua." Akauzungusha uzi kidoleni. "Mwenye hoteli amenunua. Kreti sita, kwa kuanzia. Anasema hajawahi kuona bia iliyosambaza habari zake upesi hivyo."

Ilikuwa kweli. Habari zilienea, na mtu akimwaga mtama penye kuku wengi asitegemee kuuokota. Kwa majuma mengi Misumari alisikia kicheko kikikatika alipoingia kwa kinyozi. Mtu mmoja alimtumia soda kwa mhudumu na ujumbe kwamba aangalie isimpande kichwani. Aliinywa, akashukuru. Bia hakuiacha, maana angeiacha angekuwa bado anaisingizia. Aliacha kuomba radhi kwa niaba yake. Kisha, polepole na kwa taabu, akaanza kuzirudia nyumba za zamani. Alikwenda kwa mkwewe, akamwambia, "Lile la ubahili, sikulewa vile." Mzee akasema alishalijua. Alikwenda kwa yule jirani mwenye mtoto mzito darasani. Mtoto mwenyewe sasa alikuwa mtu mzima, dereva wa lori, na ndiye aliyefungua mlango. Misumari alimwomba radhi yeye, akiwa hana hata uhakika kama aliwahi kuambiwa. Alikuwa hajaambiwa. Ikabidi amweleze. Siku hiyo alirudi nyumbani amejaa aibu kuliko alivyoondoka, na mkewe akamwambia kwamba labda nyumba nyingine zinafaa kupitwa tu.

Kwa dada alikwenda kila Jumapili. Juma lililofuata hakufunguliwa. La tatu alifunguliwa akaambiwa, "Leo nina kazi." La tano alipewa kiti nje, na maji, na waliketi nusu saa wakitazama watu wanaopita bila kuongea. Ikaendelea hivyo hadi mvua zikaja na kuisha. Hakuwahi tena kusikia ile habari ya kuchaguliwa, si kwake wala kwa mtu mwingine, na jambo hilo, ambalo zamani angelifurahia, lilimlemea. Alikuwa amemnyang'anya dada yake hadithi aliyoishi nayo, na hakuwa na nyingine ya kumpa.

Mwezi wa tano tangu siku ile ya kuonja, Jumanne moja, dada alimpigia simu mwenyewe. Alikuwa na miadi ya macho hospitalini, wangemtia matone ya kupanua mboni, na asingeona njia ya kurudi. Binti yake alikuwa na bia tangini isiyoachika.

"Unaweza kuja?" aliuliza. "Kama huna kazi."

Kazi alikuwa nayo, kochi la watu watatu likiwa uchi katikati ya karakana. Akalifunika turubai, akaenda.

Walikaa kwenye benchi la korido pamoja na wengine. Dada alikuwa ametiwa matone na amefumba macho, mkoba umekaa mapajani. Muuguzi akapita na orodha, akasimama mbele yao.

"Mama, umekuja na nani? Nahitaji mtu wa kukurudisha."

Zamani swali kama hilo lingefungua bomba la ile habari ya kuchagua. Misumari alitazama chini, akangoja.

"Na huyu," alisema dada, bila kufumbua macho. "Ni mdogo wangu."

Muuguzi akaandika, akapita. Dada aliusogeza mkoba wake, akamwekea mdogo wake mapajani amshikie, akaegemeza kichwa ukutani. Misumari aliushika kwa mikono yote miwili, uso umemwiva, akaogopa hata kukohoa.